Chakula cha shule kifungwe kwa kufuata saa

Mhariri,

Kila Januari shule zinapofunguliwa, magazeti hujaa bei za sare, viatu na madaftari. Kuhusu kibakuli cha chakula kinachoingia kwenye begi la mtoto huandikwa kidogo sana, na likiandikwa lolote huwa ni orodha ileile ya wanga, protini, mboga, tunda na maji. Wazazi wengi wanaijua. Wasichoambiwa ni kwamba chakula kinapikwa saa kumi na moja alfajiri, kinaliwa saa nne au saa saba mchana, na muda wote huo kimo ndani ya begi katika joto la Tanga au Dar es Salaam la mwezi Februari. Chakula kizuri kilichofungwa vibaya hufika kimechacha, kimelowa au kimepondeka. Mtoto anakimwaga, anakwenda getini kununua barafu za rangi, na jioni nyumbani wanasema huyu mtoto hapendi kula.

Kosa la kwanza liko kwenye mfuniko. Chapati au bagia zikitoka motoni na kufunikwa papo hapo, mvuke hugonga mfuniko, hugeuka maji na kudondokea chakula. Kuna lililo baya kuliko kulowa: kibakuli kilichofungwa kikiwa moto hupoa polepole, na vijidudu vinavyoharibu chakula huzaana kwa kasi kati ya nyuzijoto 5 na 60. Kanuni ya kawaida ya usalama ni kwamba chakula kilichopikwa chenye unyevu kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto la hewa likipita nyuzi 32, kisizidi saa moja. Begi lililoachwa dirishani linapopiga jua linapita hapo bila shida.

Kwa hiyo chakula cha shule kina njia tatu tu. Ama kibaki moto kwelikweli mpaka kiliwe, ama kibaki baridi kwelikweli, ama kiwe kikavu kiasi kwamba vijidudu havipati maji ya kuzaliana. Cha vuguvugu, chenye mchuzi, ndani ya kibakuli cha plastiki, hakimo katika hizo tatu, nacho ndicho watoto wengi wanachobeba.

Cha kuachwa kabisa ni kiporo cha wali. Wali una kijidudu chake, Bacillus cereus, ambacho mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka. Wali ukilala sufuriani, mbegu hizo huamka, kijidudu huzaana na kutoa sumu. Asubuhi mzazi anaupasha vizuri mpaka unatoa moshi, kijidudu kinakufa, lakini sumu inabaki kwa kuwa moto wa jikoni hauiondoi. Mtoto hutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, na shuleni watu hukimbilia kusema ni malaria. Wali wa nazi huchacha mapema zaidi, vilevile maharage ya nazi. Tui na begi la shule havipatani, isipokuwa kuna hotpoti ya kuaminika.

Hotpoti nayo ina masharti. Ya chuma yenye kuta mbili ndiyo inayofaa. Zile za plastiki za bei ndogo hushikilia joto kwa muda mfupi, na ni vizuri kuijua ya kwako. Mimina humo maji yanayochemka saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumamosi, funga, ifungue saa saba. Maji yakiwa bado yanatoa mvuke na hayashikiki, hotpoti hiyo inafaa kubeba chakula chenye mchuzi. Yakiwa vuguvugu, ibebe vitafunwa vikavu tu, hata kama iliuzwa kwa sifa nyingi.

Namna ya kuitumia: ijaze maji yanayochemka, ifunge, iache dakika kumi ili kuta zake zipate joto. Mwaga maji, pakia chakula kikiwa kinatokota, ijaze mpaka karibu na mdomo, funga, na isifunguliwe tena mpaka wakati wa kula. Wengi huikosea kwenye kujaza. Hotpoti iliyojaa nusu hupoa upesi kwa kuwa nafasi iliyobaki ni hewa, kwa hiyo mtoto mdogo anunuliwe hotpoti ndogo ya mililita 300 hivi, asipewe ile ya familia yenye vijiko vinne vya chakula chini. Makande yanafaa sana humo. Mahindi na maharage hukamilishana kwa protini, na mchuzi wake mzito hushika joto. Yakipikwa jioni yalazwe kwenye friji, kisha asubuhi yachemshwe upya mpaka yatokote kote, si pembeni tu. Asiye na friji asilaze makande. Uji pia unafaa: vijiko vitano vya chakula vya unga wa ulezi kwa lita moja ya maji, uchemke dakika kumi na tano, na usitiwe maziwa. Uwe mwepesi kidogo kuliko unavyoupenda, kwani hukaza ukikaa.

Lakini nyumba nyingi hazina hotpoti ya namna hiyo, wala si lazima ziwe nayo. Pwani hii ina vyakula vikavu vya kutosha, na hapo ndipo penye urahisi wenyewe.

Bagia za kunde naziweka mbele ya vyote. Chukua kunde vikombe viwili, kama gramu 340, loweka saa sita hadi nane, zisugue mpaka maganda yatoke, yamwage. Saga kwa maji yasiyozidi robo kikombe, kisha lipige rojo kwa mwiko dakika tano mpaka liwe jepesi. Dondosha tone katika bilauri ya maji. Likielea, tayari. Likizama, endelea kupiga, maana bagia yake itakuwa ngumu kama kokoto. Tia kitunguu kilichokatwa vidogo, karoti moja iliyokwaruzwa na binzari. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa ikitangulia hutoa maji kwenye kitunguu na rojo hulegea, na rojo lililolegea hunywa mafuta. Mafuta yasipopata moto wa kutosha nayo huleta balaa hilohilo, hivyo kaanga chache chache, nane au kumi kwa mkupuo, usiyapoze kwa kujaza karai. Zichuje juu ya chujio la waya. Gazeti, Mhariri, ni la kusoma. Wino wake usiguse kitu chenye mafuta. Rojo lisilale mezani usiku kucha, litachacha. Kunde ndizo zilale ndani ya maji, asubuhi zisagwe.

Baada ya hapo zitandaze kwenye ungo, funika kwa kawa, subiri dakika ishirini. Kawa la ukili lina faida ambayo mfuniko wa plastiki hauna: huzuia nzi na kuacha mvuke upite. Dakika hizo ishirini ndizo zinazookoa chakula cha siku nzima, nazo ndizo watu wanazozikata kwa sababu gari la shule limeshapiga honi. Dawa yake ni kupanga: kupika kwanza, kisha kuogesha watoto na kuwavisha, halafu kufunga. Wengi hufanya kinyume chake.

Chapati inaweza kupikwa jioni, ikapoa ikiwa imetandazwa, ikaviringishwa kwenye kitambaa safi na kupitishwa kikaangoni asubuhi bila mafuta, dakika moja kila upande, kisha ikapoa tena. Zikirundikwa zikiwa moto, za chini huwa chepechepe. Kwa mtoto anayekataa mboga, mchicha ukandwe ndani yake. Fungu moja lichemshwe dakika mbili, likamuliwe kwa nguvu mpaka lisidondoshe, likatwe vidogo sana, liingie kwenye unga wa ngano gramu 500 pamoja na vijiko vitatu vya mafuta na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Maji yatiwe kidogo kidogo na yasifike kikombe na nusu kama ilivyo kawaida, kwa kuwa mchicha una maji yake; anza na kikombe kimoja, ongeza ukiona unga unapasuka. Zitatoka chapati nane hivi. Chapati hiyo ikikunjwa na siagi ya karanga ndani, hiyo tayari ni mlo.

Siagi ya karanga ni bora kutengeneza nyumbani, ila karanga zichambuliwe moja moja kabla ya kukaangwa. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au yenye uchungu itupwe, isipewe hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu huo, haiondoki yote kwa kukaanga, wala si hadithi za maofisa: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, humpalia. Na kama darasani kuna mtoto ambaye mwili wake haupatani na karanga, mwalimu awaambie wazazi wote mapema.

Viazi vitamu vichemshwe na maganda yake, dakika 25 hadi 30 kwa vya saizi ya kati, vichujwe, vipoe vikiwa vizima. Ganda ni kifungashio tosha, mtoto atalimenya mwenyewe. Ukivimenya na kuvikata nyumbani, vinatoa maji na kuteleza. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina vitamini A kwa wingi, nayo huingia mwilini vizuri penye mafuta kidogo, hivyo karanga chache kando yake zina kazi. Dagaa wakavu waliokaangwa mpaka wakawa kakakaka na kunyunyiziwa ndimu hukaa vizuri. Wa Mwanza huanikwa mara nyingi mchangani, kwa hiyo watolewe vichwa na kuoshwa kwa maji ya moto mara tatu. Tatizo lao ni harufu, na watoto wana midomo. Mtoto akirudi nao mara mbili, aache kupewa wa shuleni, ale jioni.

Sasa kuhusu saa. Kibakuli kiwe na sehemu mbili, au viwe viwili, na mtoto ajue kipi ni cha saa nne na kipi ni cha saa saba. Yai ni la saa nne, nalo likae karibu na chupa ya barafu nitakayoieleza chini. Lichemshwe asubuhi hiyohiyo dakika 10 hadi 12 baada ya maji kuanza kuchemka, lipoe, liende na ganda lake. Lililopasuka ganda liliwe nyumbani. Mkate wenye kitu kibichi ndani nao ni wa saa nne, na siagi ipakwe mpaka kingoni kwa kuwa mafuta huzuia maji ya nyanya yasiingie kwenye mkate. Bora zaidi nyanya iende kando, nzima. Vya saa saba ni viazi, chapati kavu, karanga, tunda lenye ganda. Mtoto wa darasa la kwanza anaelewa mpango huu akionyeshwa kwa siku mbili tatu.

Matunda ni rahisi kuliko watu wanavyoyafanya. Tunda likatwe shuleni na meno ya mtoto, lisikatwe nyumbani. Papai na tikiti vilivyokatwa alfajiri hutoa maji na kuvuta vijidudu. Chungwa la Muheza lichanjwe ganda pande nne kwa kisu bila kugusa nyama, mtoto ataligawanya kwa vidole. Ndizi iwe imara kidogo na ikae juu ya vitu vyote, ndani ya kitu kigumu.

Kinywaji ni maji. Soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 au zaidi, karibu vijiko tisa vya chai, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, ikiwezekana asilimia 5. Kwa mtoto anayekula kilokalori 1,600, asilimia 10 ni gramu 40. Chupa moja inakaribia kuzimaliza. Juisi za unga na nyingi za boksi hazina tofauti kubwa na hiyo. Chai ya rangi ibaki nyumbani pia, kwani ikinywewa pamoja na kunde, maharage au mboga za majani hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, ilhali chungwa huyaongeza. Mwenye friji ajaze chupa robo tatu, ailaze kwenye barafu usiku na asubuhi aiviringishe kitambaa, aiegemeze kwenye kibakuli. Itapoza chakula mpaka saa nne na kunywewa baada ya hapo. Isijazwe pomoni, barafu huvimba na kuipasua. Kitambaa ni kwa ajili ya madaftari, maana chupa hutoka jasho.

Kuna shule za awali zinazowapa wazazi ratiba ya wiki, Jumatatu soseji, Jumanne mkate mweupe na juisi, Jumatano biskuti. Ratiba hizo zimetungwa na mtu anayetazama picha za mitandaoni, zile zenye mkate uliokatwa umbo la nyota. Kwa vipimo vinavyotumika Marekani, mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji protini gramu 19 kwa siku, na wa miaka 9 hadi 13 gramu 34. Yai moja lina gramu 6. Vijiko viwili vya chakula vya siagi ya karanga vina gramu 7 au 8. Huyo mdogo amekwishapita nusu ya haja yake kabla ya chakula cha jioni, bila soseji, ambayo isipokuwa kwenye baridi huharibika haraka. Walimu wakuu waziondoe ratiba hizo, au angalau wawaachie wazazi kupika kinachopatikana sokoni kwao.

Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, chakula cha mchana katika shule za kutwa kimebaki mabegani mwa wazazi. Shule inayopika uji au makande kwa michango ipike, ndilo jambo bora. Pale ambapo watoto wanabeba, shule ina mambo matatu ya kufanya. La kwanza ni rafu ya mbao ukutani, upande usiopigwa na jua, ambapo vibakuli vinatolewa kwenye mabegi asubuhi na kuwekwa. Fundi wa mtaani anaimaliza kwa siku moja. La pili, dakika kumi za mwanzo za mapumziko ya saa nne ziwe za kula, mpira ufuate. Mpira ukitangulia, yai lililopaswa kuliwa saa nne litaliwa saa nane. La tatu ni kunawa. Kibuyu chirizi kinatosha: dumu la lita tano lililotobolewa kwa msumari wa moto sentimita 12 hivi chini ya mdomo, mti wa kulining'iniza juu ya panda mbili, kamba inayoshuka mpaka kwenye kijiti cha kukanyagia, na sabuni iliyotobolewa na kufungwa uzi. Pasipo sabuni, yote niliyoeleza kuhusu kawa na hotpoti yanaishia kwenye vidole vyenye mavumbi ya uwanjani.

Wasomaji wa Lushoto, Makete au Njombe watasema hapa nimeandika habari za joto. Ni kweli, asubuhi zao ni baridi na chakula hukaa zaidi, lakini dakika ishirini za ungo zinawahusu pia, kwani mvuke wa kwenye mfuniko ni uleule.

Vyombo vichaguliwe kwa busara. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, wengi wamehamia kwenye makopo ya aiskrimu na siagi. Kwa vitafunwa vilivyopoa hayana neno. Chakula cha moto huyapinda na kuyatia harufu. Kopo lililowahi kubeba rangi au dawa lisiguswe. Kibakuli kioshwe jioni ileile kwa maji ya moto na sabuni, mpira wa mfuniko ung'olewe na kuoshwa pekee, kisha vyote vianikwe vikitazama chini. Ile harufu ambayo haitoki hata kibakuli kikisuguliwa mara ngapi iko chini ya mpira huo.

Na kinachorudi kwenye kibakuli asipewe mdogo wake jioni. Kimwagwe, lakini kwanza kitazamwe. Chapati iliyoumwa mara moja ilikuwa ngumu, kesho unga uongezwe maji. Bagia zilizorudi zote zikiwa zimelowa zilifungwa mapema. Chungwa ambalo halikuguswa halikuchanjwa ganda, na chakula kilichorudi chote siku tatu mfululizo huenda mtoto hapewi muda wa kukila. Hilo ni la kumuuliza mwalimu wa darasa.

Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Tanga